Adui Asiye na Meno

Mazungumzo juu ya bakteria wa mimea na ukuta wanaouyeyusha, yaliyosomwa Robanda mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Miaka kumi si haba katika maisha ya ushirika. Wengine watanena leo juu ya hesabu, mikopo na maghala, na sisi tumepewa nafasi ya kunena juu ya shamba. Tumechagua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kwa macho yake matupu: ukuta wa seli ya mmea, na namna bakteria wanavyoubomoa. Yamkini mtu atauliza, jambo hili la maabara lahusu nini mizani ya ushirika? Jibu letu ni kwamba lahusu sana, maana kile tunachokipeleka mizanini ni ukuta wenyewe. Twaomba subira yenu, nasi tutaonyesha.

Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, na kila chumba kina ukuta wake. Anayeijua nyumba ya fito na udongo amekwisha kuujua ukuta huo. Ndani yake mna fito, nazo ni nyuzi ngumu za kitu kiitwacho selulosi. Mna kamba za kuzifungia fito hizo, nazo ni hemiselulosi. Kisha mna udongo wa kukandikia, unaojaza nafasi na kuigandamanisha seli moja na jirani yake, nao ni pektini. Udongo ukitoka, fito hulegea; kamba zikikatika, nyumba huinama; fito zenyewe zikiliwa, hakuna nyumba tena.

Sasa tuitazame pamba. Kila unyuzi wa pamba ni seli moja tu, iliyoota juu ya ganda la mbegu ikarefuka mara elfu kupita upana wake. Ikimaliza kurefuka, hujijaza selulosi kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitumba kinapopasuka. Hapo seli hufa na kukauka, ukabaki ukuta wake. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za unyuzi huo ni selulosi. Kwa hiyo robota la pamba nyuzi ni robota la kuta za seli. Mnunuzi anayepima urefu na nguvu za nyuzi, kwa kweli anapima uzima wa ukuta. Ikiwa yuko kiumbe ambaye kazi yake ni kuuyeyusha ukuta huo, basi kiumbe huyo amekaa pamoja nasi mezani siku ya malipo, naye hula kabla yetu.

Hapa Robanda, kwenye mpaka wa hifadhi, tunamjua adui mkubwa. Tembo akija usiku huvunja ua kwa nguvu zake, na asubuhi kila mtu huiona njia aliyopita. Bakteria ni kinyume chake. Elfu moja wakipangwa mstari mmoja hawatimizi urefu wa milimita mbili. Hawana meno, hawana kucha, wala hawana mwiba wa kutobolea kama walionao baadhi ya kuvu. Wanawezaje basi kuliangusha shamba zima?

Swali hili liliwahi kuwagawa wataalamu wakubwa. Mwaka 1897 Mjerumani Alfred Fischer alishikilia kwamba bakteria hawawezi kuuambukiza mmea mzima, maana seli zake zimefungwa kwa kuta. Mmarekani Erwin F. Smith akampinga kwa ushahidi wa mashambani na wa maabara, na ndiye aliyempa jina bakteria wa mabaka ya pamba mwaka 1901. Miaka hiyo hiyo Mmarekani mwingine, L. R. Jones, aliwachunguza bakteria wanaoozesha karoti. Aliwatenga bakteria wenyewe na majimaji waliyokuwa wakiishi ndani yake, akayatia majimaji hayo matupu juu ya kipande cha karoti. Karoti ikalainika na seli zake zikaachana. Bakteria hawakuwapo, lakini kazi yao ilifanyika.

Kilichokuwamo katika majimaji yale huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kinachotengenezwa na kiumbe hai ili kukata au kuunganisha vitu vingine, nacho hakiishi kwa kufanya kazi: kikikata hapa huhamia pale. Mate yetu yana kimeng'enya chake, ndiyo maana ugali ukitafunwa sana huanza kuwa mtamu. Bakteria wa mimea hutema vimeng'enya vyao nje ya miili yao. Kipo cha kukata pektini, kipo cha kukata hemiselulosi, kipo cha kukata selulosi. Ukuta ukishageuka sukari, bakteria huinywa. Hawatafuni, basi, huyeyusha kwanza, kisha hunywa.

Akina mama wa mkoa huu wameijua kazi hiyo kabla ya maabara yoyote. Muhogo mchungu ukilowekwa au ukivundikwa siku kadhaa, hulainika hata ukabonyea kwa vidole. Kinachoulainisha si maji peke yake. Ni vijidudu vilivyomo majini, vinavyoila pektini kwa vimeng'enya. Kuta zikishavunjika, sumu iliyokuwa imefungiwa ndani ya seli hukutana na kimeng'enya cha muhogo wenyewe, ikavunjwa na kutoka. Muhogo ambao kuta zake hazikuvunjwa vya kutosha hubaki na sumu yake. Tarime haijausahau mwaka 1985, ukame ulipowabana watu, muhogo mchungu ukaliwa kabla haujatengenezwa ipasavyo, na watu wakapooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Kwa hiyo ubomoaji wa ukuta si jambo baya kila mahali. Chunguni huokoa maisha, shambani na ghalani huleta hasara. Tofauti ni nani anayeusimamia.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walikwenda mbele zaidi. Waligundua kwamba bakteria hawa wana lango maalumu katika ngozi yao la kutolea vimeng'enya. Walipoliharibu lango hilo, bakteria waliendelea kutengeneza vimeng'enya kama kawaida, lakini vikabaki ndani kama mzigo uliokosa gari, na ugonjwa ukafifia au usitokee kabisa. Tena walichukua bakteria wa aina nyingine, asiye adui wa mimea, wakampa uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kimoja cha kukata pektini. Huyo naye akaweza kulainisha kipande cha kiazi mviringo. Tangu hapo hapakuwa na shaka tena juu ya silaha yenyewe.

Lakini jambo linalotuhusu sisi wanaushirika kupita yote lilijulikana katika miaka ya 1990, nalo ni hili: bakteria hawatemi vimeng'enya ovyo. Mmoja akitema peke yake, mmea hushtuka na kumzima kabla hajafanya lolote. Kwa hiyo husubiri. Kila mmoja hutoa dawa kidogo inayoenea kwa wenzake kama harufu. Wakiwa wachache, harufu hupotea. Wakiwa wengi, harufu hukolea, na hapo wote kwa pamoja hutema vimeng'enya vyao. Mabwana na mabibi, sisi tunayo akidi ya mkutano, nao wanayo ya kwao. Hawafungui mkutano mpaka akidi itimie. Hivi ndivyo wafanyavyo bakteria wanaoozesha viazi, na jamii ya Xanthomonas, aliko bakteria wa pamba na wa mgomba, ina njia yake ya kuhesabiana.

Maana yake ni nzito. Siku tunapoona jani limebadilika, mkutano wao ulikwisha kufunguliwa kitambo. Mkulima anayesubiri kuona ugonjwa ndipo achukue hatua amefika baada ya maamuzi kupitishwa. Kazi yetu ni kuizuia akidi isitimie.

Tuwatazame sasa katika pamba. Bakteria wa mabaka hukaa katika manyoya ya mbegu, chini ya ganda lake, na katika mabaki makavu ya msimu uliopita. Mvua ikinyesha, matone huwarusha juu ya majani, nao huingia kwa vinyweleo vya jani au kwa jeraha. Dalili ya kwanza ni vidoa vinavyoonekana kana kwamba jani limelowana, kisha hugeuka kahawia au nyeusi. Vidoa hivyo si vya mviringo. Vina pembe pembe, kwa sababu mishipa ya jani ina kuta ngumu kupita sehemu nyingine, na bakteria hukwama hapo. Kila pembe mnayoiona ni alama ya ukuta uliosimama imara. Ugonjwa ukishuka kwenye matawi huyafanya meusi, na ukifika kwenye kitumba hufungua mlango kwa waozeshaji wengine, hata nyuzi zikatoka zimeshikana na zina madoa.

Haki yatutaka tuseme kwamba vimeng'enya si silaha yao pekee. Bakteria hawa wanazo pia bomba nyembamba za kuingizia amri zao ndani ya seli ya mmea. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba bakteria mmoja wa jamii hiyo anayeshambulia nyanya huuamrisha mmea wenyewe utengeneze kimeng'enya cha kukata pektini yake, na jani likajaa maji. Huyo ni mwizi anayemrubuni mwenye nyumba auchimbe ukuta wake kwa mikono yake.

Hata hivyo mmea haukulala. Pektini inapokatwa, vipande vyake huwa kama vumbi linaloanguka ukutani usiku: mwenye nyumba hulisikia na kuamka. Mmea huvitambua vipande hivyo, ukaongeza tabaka mpya za ukuta na kutoa sumu zake za kujikinga. Aina moja ya pamba huamka mapema na nyingine huchelewa, na hapo ndipo penye thamani ya mbegu iliyochaguliwa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, kimefanya kazi ya kuzaliana mbegu za pamba za Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1930, na kuhimili ugonjwa wa mabaka ni moja ya sifa zilizotafutwa humo. Kwa hiyo mwanachama anayepanda mbegu asiyoijua asili yake hapotezi mavuno tu. Anautupa urithi wa kazi ya miaka mingi.

Kwa ndugu zetu wa Tarime, wenye migomba, ndugu wa bakteria huyu amefika kwa jina jingine. Mnyauko wa migomba ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, katika ensete, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera, na mkoa wetu wa Mara haukusalimika. Majani hunyauka kana kwamba ni kiangazi, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Bakteria huyu huingia kwa milango miwili mikubwa: wadudu wanaotua kwenye ua dume, na panga letu wenyewe. Panga lililokata mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima bila kupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya madoa, limefanya kazi yote ya kuvunja ukuta kwa niaba ya adui.

Basi tufanyeje? Bakteria wanahitaji vitu vitatu: mlango, maji na akidi. Mlango, kwa kuwa ngozi ya nje ya mmea huwashinda. Maji, kwa kuwa kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu. Akidi, kwa sababu tulizozieleza. Tukiwanyima kimoja wanadhoofika, tukiwanyima vyote wanakwama.

Tuwanyime mlango. Katika migomba, ondoeni ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Shina lililougua likatwe usawa wa ardhi, na zana zipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Katika pamba, msipalilie wala kupita mashambani majani yakiwa yamelowana, maana nguo na majembe hubeba bakteria kutoka mche hadi mche.

Tuwanyime akidi. Tupande mbegu zilizothibitishwa, na zikipatikana zilizoondolewa manyoya kwa asidi ya salfa ni bora zaidi, kwa kuwa asidi huwaua bakteria walio nje ya ganda, ingawa haiwafikii wote walio ndani. Tubadilishe mazao shambani. Juu ya yote, tung'oe na kuteketeza masalia ya pamba kila baada ya mavuno, kama kanuni za zao hili zitutakavyo. Bakteria wa pamba hafi upesi katika bua kavu lililoachwa juu ya ardhi. Na hapa ndipo ushirika unapopimwa. Mwanachama mmoja akiacha maotea yake, amewatunzia bakteria akidi ya kijiji kizima, na mvua ya kwanza itawagawia majirani bila kuuliza nani aliteketeza na nani aliacha. Ukuta wa shamba langu waanzia katika shamba la jirani yangu.

Tuwanyime maji. Hapa, Bwana Mwenyekiti, twaomba ruhusa kusema wazi, maana sherehe isiyokuwa na ukweli ni ngoma tupu. Si siri kwamba katika nchi yetu wako wanaotia maji katika pamba ili iongezeke uzito mizanini. Wengi hudhani kwamba maji yatakauka na hasara itakuwa ya mnunuzi. Fikirini sasa juu ya ukuta. Unyuzi mkavu hauliki kirahisi. Unaweza kukaa ghalani kwa muda mrefu bila kudhurika. Unyuzi uliolowana, ukashindiliwa gunia juu ya gunia, hupata joto, na kuvu na bakteria waliokuwa wamelala huamka. Hawa hutema vimeng'enya vya kukata selulosi, na nyuzi hubadilika rangi na kupungua nguvu. Pamba iliyotoka shambani ikiwa safi hufika kiwandani ikiwa fifi. Gunia moja lenye maji huyaharibu na yale yaliyokaa karibu nalo, ya watu ambao hawakufanya kosa lolote.

Wala hasara haiishii hapo. Mbegu iliyochemka ndani ya pamba yenye maji hupoteza uwezo wa kuota, na mbegu nyingi tunazopanda hutoka katika viwanda hivyo hivyo vya kuchambulia pamba yetu. Maji tuliyoyauza mizanini wakati wa ununuzi twaweza kuyanunua tena wakati wa kupanda, yakiwa mashimo matupu katika mistari ya shamba. Twawasihi makarani: mkono uingie ndani ya gunia kabla ya gunia kupanda mizani. Twawasihi viongozi: paa la ghala linalovuja litengenezwe kabla ya rangi ya ofisi, na magunia yainuliwe kutoka sakafuni. Twawasihi wanachama: chambueni safi na fifi nyumbani, kausheni juani, na mkatae sifa ya uzito usio wa pamba.

Tumewasema bakteria kwa ubaya, nao wanastahili. Lakini wametuachia fundisho moja ambalo si vibaya kulichukua. Kiumbe asiyeonekana, asiye na jino wala kucha, huangusha zao kubwa kwa sababu anajua kuwasubiri wenzake na kufanya kazi nao kwa wakati mmoja. Ikiwa wao wanaijua akidi, sisi wenye katiba, daftari na mihuri tushindwe? Hapana dawa ambayo mkulima mmoja anaweza kuinunua peke yake ikalilinda shamba lake dhidi ya masalia ya majirani mia. Iko kazi ambayo majirani mia wanaweza kuifanya katika majuma mawili, bila gharama ila jasho na kibiriti.

Katika miaka kumi hii Chama chetu kimejenga maghala na uaminifu. Miaka kumi ijayo iupime uaminifu huo shambani mwezi wa masalia, na mizani siku ya magunia. Tukiulinda ukuta mdogo usioonekana, huu mkubwa tunaousherehekea leo utasimama.